Faili moja kwenye simu na kompyuta: mwongozo wa Google Drive kwa anayetumia bando

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeandika ripoti kwenye kompyuta ya ofisini, nitaifunguaje nyumbani kwenye simu? Nimepandisha picha Drive, mbona kwenye laptop sizioni? Nikifuta kwenye simu ili nipate nafasi, ya mtandaoni inabaki? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa kutumia Google Drive, yaani huduma ya Google ya kuhifadhi faili mtandaoni.

Mwongozo huu unakuhusu kama mpaka leo unajitumia faili WhatsApp, unaipakua, unaisahihisha, unajitumia tena, mwisho unabaki na "Ripoti final", "Ripoti final mpya" na "Ripoti final yenyewe", na msimamizi wako umempelekea isiyo yenyewe. Unakuhusu pia kama bado unategemea flashi inayochomekwa kwenye kila kompyuta ya steshenari na kurudi na virusi vinavyogeuza folda zako zote kuwa shotikati.

Nadharia ni moja tu, na uishike kabla ya kugusa chochote. Faili ikishakuwa Drive, ile unayoiona kwenye simu na ile unayoiona kwenye kompyuta si nakala mbili. Ni faili moja iliyokaa kwenye mitambo ya Google, nawe unaifikia kwa milango miwili. Ukiisahihisha huku, kule imebadilika. Ukiifuta huku, kule imefutika. Karibu kila mtu niliyemwona akipoteza kazi yake alikuwa hajaelewa hapo.

Nimechagua Google Drive kwa sababu mwenye simu ya Android tayari ana akaunti, na akaunti hiyo ina GB 15 za bure. Huduma nyingine za aina hii, OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple, zinatoa GB 5 kila moja. Dropbox inatoa GB 2, na akaunti yake ya bure inaruhusu vifaa vitatu tu. Zote ni nzuri na hatua zake zinafanana, ila anayeanza aanze na alichonacho mkononi. Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana ndizo nyingi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Akaunti moja ya Google ambayo nenosiri lake unalijua wewe. Nasisitiza wewe. Watu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na nenosiri analijua yeye. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, badilisha nenosiri leo au fungua akaunti nyingine. Usiweke vyeti vyako kwenye akaunti ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na iko hewani. Siku utakayosahau nenosiri, ndiyo itakayokuokoa.
- Simu yenye programu ya Drive. Kwenye Android nyingi inakuja nayo. Kama haipo, ipakue Play Store, au App Store kwa wa iPhone.
- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, au Mac. Wa Linux mtatumia kivinjari, kwa sababu Google hawajatoa programu ya Drive kwa ajili yenu.
- Intaneti ya kutosha. Ripoti ya Word ya kurasa 60 isiyo na picha kwa kawaida haifiki MB 1, kwa hiyo kwa kazi za maandishi bando dogo linatosha. Picha moja ya simu ni kama MB 3 hadi 5. Video ndiyo inayomaliza watu: dakika moja ya video ya kawaida inaweza kupita MB 100, maana yake GB 1 inakwisha kabla hujapandisha dakika kumi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni akaunti ile ile kila mahali. Fungua Drive kwenye simu, gusa picha yako au herufi ya jina lako iliyo juu kulia, usome anwani ya barua pepe inayotokea. Iandike. Kwenye kompyuta fungua drive.google.com na uingie kwa anwani hiyo hiyo. Usiruke hatua hii hata kama una uhakika, kwa sababu simu nyingi zina akaunti mbili au tatu na Drive inaweza kuwa imeshika ile usiyoitarajia.

2. Ilinde akaunti kabla hujaweka kitu. Nenda myaccount.google.com, ingia "Security", kisha uwashe "2-Step Verification". Kuanzia hapo mwenye nenosiri lako peke yake hawezi kuingia bila uthibitisho wa simu yako. Ukimaliza, tafuta "Backup codes" kwenye ukurasa huo huo. Utapewa namba 10, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi na uziweke pamoja na vyeti vyako halisi. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo, kwani simu ikiibwa zimekwenda nayo.

Onyo: laini usipoitumia muda mrefu hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine. Ukibadilisha namba, ibadilishe na kwenye akaunti siku hiyo hiyo.

3. Zuia Drive isile bando. Kwenye simu, gusa mistari mitatu iliyo juu kushoto, ingia "Settings", na uwashe "Transfer files only over Wi-Fi". Ukiwa na faili ndogo ya haraka na huna Wi-Fi, zima kitufe hicho, pandisha, kisha ukiwashe tena.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana limekula bando za wengi. Kitufe hicho kinailinda simu tu. Ukiwasha hotspoti na kuunganisha laptop, laptop inaona Wi-Fi. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna bando lako la wiki, nayo itaanza kushusha na kupandisha kila kilichokuwa kikisubiri. Dawa yake iko hatua ya 7.

4. Tengeneza folda chache. Gusa alama ya kujumlisha, chagua "Folder", ipe jina. Folda tatu au nne zinatosha kuanza nazo: Kazi, Masomo, Nyaraka, Biashara. Faili zipe majina yanayojieleza, kwa mfano "Mkataba wa pango 2025", badala ya "IMG_2034" au "Document 1". Drive ina sehemu nzuri ya kutafutia hapo juu, lakini nayo inahitaji neno la kushika.

5. Pandisha faili ya kwanza kutoka kwenye simu. Ingia ndani ya folda kwanza, ndipo uguse alama ya kujumlisha na "Upload". Ukianzia nje ya folda, faili itaangukia nje nawe utasema imepotea. Chagua faili moja ndogo ya kujaribia, halafu usiifunge Drive mpaka uone imemaliza kupanda.

Kwa karatasi (kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, kadi ya gari, risiti), usipige picha ya kawaida. Chagua "Scan". Weka karatasi juu ya meza yenye rangi tofauti nayo, karibu na dirisha, shika simu sambamba na karatasi. Drive yenyewe inakata kingo, inanyoosha na kuhifadhi kama PDF. Cheti chenye pande mbili, ongeza ukurasa wa pili kabla ya kuhifadhi ili zote ziwe faili moja. Hii kazi watu wanailipia steshenari kila wanapoomba ajira, na simu yako inaifanya.

6. Ifungue kwenye kompyuta. Rudi drive.google.com, ingia kwenye folda, bonyeza faili mara mbili. Faili ya Word itafunguka ndani ya kivinjari na unaweza kuisahihisha hapo hapo. Mabadiliko yanajihifadhi yenyewe, hakuna kitufe cha kuhifadhi cha kutafuta. Sasa fungua faili hiyo kwenye simu uone kama sentensi uliyoongeza ipo. Ikiwa ipo, umeshamaliza kazi kubwa.

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta kuliko yote. Ukibonyeza "Download", umetoa nakala. Ukiisahihisha nakala hiyo kwa Word au kwa WPS, masahihisho yanabaki kwenye folda ya Downloads ya kifaa hicho. Hayarudi Drive. Mtu anafanya kazi usiku kucha, asubuhi anafungua simu na kukuta ripoti ya jana, anasema Drive imemdhulumu. Kwa hiyo ama sahihisha ndani ya Drive, ama tumia programu ya hatua ya 7. Kama umeshaisahihisha nje, ipandishe tena kwa jina lile lile na kwenye folda ile ile. Kivinjari kikikuuliza, chagua "Replace existing file".

Kama kompyuta si yako, mfano ya steshenari au ya maabara ya chuo, fungua dirisha la siri kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja kwenye Chrome. Ukimaliza funga madirisha yote ya siri. Na kama umeshusha faili ili ichapwe, ifute kwenye Downloads na kwenye Recycle Bin kabla hujainuka. Kompyuta za kuchapishia zimejaa CV na vitambulisho vya watu wasiojua kwamba waliviacha pale.

7. Weka programu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Hatua hii si ya lazima, ila anayefanya kazi kila siku kwenye laptop itamfaa sana. Tafuta "Google Drive for desktop", ipakue kutoka tovuti ya Google yenyewe na si kwingine, iweke, uingie kwa akaunti ya hatua ya 1. Kama itakuuliza ihifadhi pia folda za Desktop, Documents na Downloads, ikatae kwa sasa. Folda ya Downloads peke yake inaweza kuwa na sinema za kumaliza GB 15 zote.

Kisha amua. Bonyeza alama ya Drive iliyo karibu na saa, chini kulia kwenye Windows au juu kulia kwenye Mac, fungua gia, "Preferences", "Google Drive". Utaona njia mbili:

- "Stream files": faili zinabaki mtandaoni, kwenye Windows unaziona kama diski mpya, mara nyingi herufi G. Faili inashuka pale tu unapoifungua. Haijazi diski, ila bila intaneti hufungui usiyoiandaa.
- "Mirror files": faili zote zinashushwa na kukaa kwenye kompyuta, na zinalinganishwa na za mtandaoni kila intaneti inapopatikana. Unafanya kazi umeme au mtandao ukiwa umekatika, ila mara ya kwanza itashusha kila kitu.

Kwa mwenye faili chache za maandishi, mimi namshauri "Mirror". Mwenye picha na video nyingi achukue "Stream". Na hiyo "Mirror" ya mara ya kwanza ifanyie kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya chuo.

Kabla ya kuunganisha laptop kwenye hotspoti ya simu, bonyeza alama ile ya Drive, fungua gia na uchague "Pause syncing". Ukirudi kwenye Wi-Fi ya kweli, iruhusu iendelee.

8. Andaa faili za kufungua bila intaneti. Kwenye simu, gusa nukta tatu pembeni ya faili na uchague "Make available offline". Fanya hivyo kwa zile unazoweza kuzihitaji ghafla: nakala ya kitambulisho, tiketi, barua ya usaili, orodha ya bei. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani, na aliyekuwa na kila kitu mtandaoni tu alibaki akitazama duara likizunguka. Huhitaji ajali kubwa kiasi hicho. Bando kuisha ukiwa kwenye foleni ya ofisi kunatosha.

9. Mpe mwenzako faili. Gusa nukta tatu, kisha "Share". Una njia mbili na hazilingani. Ukiandika barua pepe yake, anaingia yeye tu. Ukichagua "Anyone with the link", anaingia kila atakayeipata linki, hata ikisambazwa kwenye kundi la watu mia mbili. Njia ya pili inafaa kwa tangazo la harusi au ratiba ya mitihani. Kitambulisho, mkataba, hesabu za duka au orodha ya wanachama wa kikoba, tumia barua pepe.

Chagua pia uwezo wake: "Viewer" anasoma, "Commenter" anaweka maoni, "Editor" anabadilisha. Ukimpa mtu "Editor" kwenye folda nzima anaweza kuondoa vilivyomo. Msimamizi wa utafiti mpe "Commenter", atakuwekea maoni pembeni bila kugusa maandishi yako. Na kwa vikundi: faili inahesabiwa kwenye nafasi ya aliyeipandisha, si ya mwenye folda.

Picha: mahali pa hatari

Watu wanachanganya Drive na Google Photos. Ni programu mbili, nafasi ni moja. Tangu Juni 1, 2021 picha zinazohifadhiwa Google Photos zinahesabiwa kwenye zile GB 15, pamoja na barua za Gmail. Nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye Android nayo inaingia humo humo.

Picha iliyokwisha kuhifadhiwa Google Photos, ukiifuta kutoka ndani ya programu hiyo, inafutika kwenye simu na mtandaoni pia. Kama shida yako ni simu kujaa, tumia "Free up space", ambayo inaondoa kwenye simu zile tu ambazo tayari zimehifadhiwa mtandaoni. Ukishaitumia, usiende tena kuzifuta Google Photos ukidhani unasafisha. Picha za harusi au za marehemu ambazo hazina mbadala, weka nakala ya pili kwenye diski ya nje na uifungie kabatini. Drive inakufikisha kwenye faili zako popote, lakini haikulindi dhidi ya kidole chako mwenyewe.

Ikikwama

*Nimepandisha, kwenye kompyuta haipo.* Rudi hatua ya 1. Mara nyingi ni akaunti tofauti. Kama akaunti ni ile ile, tazama kwenye simu kama faili bado inasubiri Wi-Fi. Kisha andika jina la faili kwenye sehemu ya kutafutia. Huenda imeangukia folda nyingine.

*Niliyemtumia linki anaambiwa aombe ruhusa.* Faili bado imefungwa, yaani "Restricted". Ongeza barua pepe yake, na uhakikishe ndiyo anayoitumia kwenye simu yake.

*Nimefuta kwa bahati mbaya.* Fungua "Trash" na uirudishe. Inakaa humo siku 30, baada ya hapo inaondoka moja kwa moja.

*Nimeandika juu ya kazi nzuri nikaharibu.* Kwenye kompyuta, kwa faili za Word, PDF na kadhalika, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili na utafute "Manage versions". Matoleo ya zamani hubaki kwa siku 30 au mpaka yafike 100. Shusha unalolitaka.

*Naambiwa nafasi imejaa.* Usipuuze, kwa sababu hata barua pepe zinaacha kuingia. Fungua drive.google.com/drive/quota kwenye kompyuta. Itazipanga faili kuanzia kubwa kabisa. Futa video usizozihitaji, kisha umwage na "Trash", maana vilivyomo humo bado vinahesabiwa. Angalia na nakala ya WhatsApp: kuondoa video kwenye nakala hiyo mara nyingi kunarudisha nafasi kubwa kuliko kufuta nyaraka mia.

*Kompyuta inakataa kuingia, inasema muunganisho si salama.* Tazama saa na tarehe. Laptop za mitumba nyingi betri ndogo ya ndani imekufa, kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinaikataa. Rekebisha tarehe, jaribu tena, kisha mpelekee fundi aibadilishe betri hiyo.

*Sijaigusa akaunti muda mrefu.* Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2 pamoja na kila kilichomo. Kama umehifadhi nyaraka kwenye akaunti ya pembeni, iingie angalau mara moja kila baada ya miezi michache.

*Simu imeibwa.* Kwenye kompyuta yoyote, kwa dirisha la siri, ingia kwenye akaunti ukitumia moja ya zile namba 10 za karatasini. Fungua android.com/find uifunge simu. Kisha myaccount.google.com, "Security", tafuta orodha ya vifaa vyako, chagua simu hiyo na ubonyeze "Sign out". Badilisha nenosiri, halafu nenda kwa wakala wa mtandao wako ukafunge laini na kurudisha namba. Ukipata simu mpya, ingia kwa akaunti ile ile na usubiri kidogo. Faili zitajipanga zenyewe.